Kilo Mbili na Robo

Mheshimiwa alifika ukumbini saa tano kasorobo.
Sisi tulikuwepo tangu saa mbili,
wastaafu wa Tabora na bahasha zetu za kaki:
walimu, mabwana afya, makarani wa tumbaku,
na wale wa reli, ambao hata wakikaa
hukaa kama wanaosubiri kengele.

Alisema kikokotoo ni hesabu, si chuki.
Alisema mfuko ni chungu, na chungu kina kitako.
Robo kwa mkupuo, iliyobaki kidogo kidogo kila mwezi
mpaka Mungu atakapopenda,
na shida ni kwamba siku hizi
Mungu anachelewa kupenda.
Watu walicheka. Nami nilicheka, sikatai.

Kisha akatuhurumia. Hapo ndipo aliponikera.
"Mzee akishika mamilioni kwa siku moja,
kesho ana mke mpya, keshokutwa ana deni."
Mihayo akanikanyaga mguu chini ya benchi.
Miaka arobaini na moja ya ndoa,
na mke mpya anayemtamani
ni bati kumi na nane za nyumba ya Kiloleni
iliyokomea kwenye linta
tangu kitinda mimba wetu aanze kidato cha kwanza.
Mbuzi wa jirani hulala sebuleni kwetu.

Mwezi wa tatu tulikwenda kuhakikiwa kama tuko hai.
Mimi nilipita. Mihayo mashine ilimkataa.
Kidole gumba, hapana. Cha shahada, hapana.
Binti wa mezani akampa kitambaa:
"Babu, futa tena."
Afute nini? Alama zake ziko stesheni,
kwenye mpini wa chuma uliogeuza njia,
treni hii Mwanza, hii Mpanda, hii Kigoma,
miaka thelathini na mitatu ya grisi na baridi ya Juni.
"Nipo," aliiambia mashine,
kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi.
Tukatumwa kwa mtendaji wa mtaa,
atuandikie kwamba babu anapumua.

Na lile dirisha la wazee pale Kitete,
nililijua kwa ndani, nikiwa na sare nyeupe.
Sasa nalijua kwa nje.
Kadi yangu inasema bure.
Dawa yangu ya presha inasema
vuka barabara, duka la pili, uje na hela.

Nilipopewa kipaza sauti nilikuwa na maswali matatu
nimeyaandika nyuma ya risiti.
Yote yakanitoka, kwa sababu mheshimiwa alijikuna sikio,
la kushoto, lenye kinundu kama punje ya mtama,
nami nikamjua.

"Mama yako si Nyamizi, aliyeuza karanga Isevya?"
"Ndiye. Marehemu sasa."
"Ulizaliwa Februari, mvua, umeme umekatika.
Kilo mbili na robo. Wa bluu. Hulii.
Wodi nzima ilikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni,
na mshale wake ulikuwa unakaribia chini.
Hatukukokotoa, mwanangu.
Hatukumwambia Nyamizi: leo avute robo,
nyingine ataletewa kila mwisho wa mwezi.
Tulikupa yote.
Kwa mkupuo."

Hakuna aliyepiga makofi. Feni iligonga gonga.
Akasema, "Nimekusikia, mama,"
akaandika kitu kwenye karatasi, akatazama saa.
Njiani Mihayo akaniuliza aliandika nini.
"Labda kilo," nikamjibu.

Usiku redio ikasema mjadala unaendelea.

Ijumaa barua ya mtendaji ikatoka:
*Nathibitisha kuwa Mihayo Kashindye yu hai.*
Muhuri, shilingi elfu mbili.
Nikamuuliza kijana kama naweza kutoa robo.
Akacheka sana, mpaka akavua miwani.
Hakujua kwamba nilikuwa nangoja jibu.