Nongo

Saa kumi na moja alfajiri nawasha taa za chini,
namwaga ndoo ya kwanza juu ya kitanda cha plastiki,
na kitanda kinanijibu: paa!
Ndivyo tunavyoamkiana, kitanda nami,
mwaka wa kumi na tisa huu, hapa Gunsan,
bafu la wanawake, chini ya ardhi,
pasipo dirisha. Theluji
naijua kwa visigino vya wateja.

Wanaingia na ufunguo mkononi, umefungwa kwa mpira.
Hawana kingine. Wameacha kabatini
makoti, simu, pete, vyeo.
Nawaambia: loweka kwanza, nusu saa, hodhi la moto.
Nongo haiogopi sabuni.
Nongo inaogopa subira
na kitambaa changu cha kijani, kikwaruzacho kama ulimi wa paka.

Kisha napiga kofi kwenye nyama ya paja: ubavu.
Kofi jingine: kifudifudi.
Makofi mawili: chali.
Hatusemi sana. Hiyo ndiyo sarufi yetu.

Na ngozi inaanza kutoka
vijiuzi vya kijivu, kama makombo ya kifutio
mtoto anapokosea hesabu.
Wenye haya huomba radhi: samahani, ni nyingi mno.
Mama, nawajibu, ingekuwa kidogo ningekula nini?

Mke wa hakimu ana vigimbi vya mpagazi.
Muuza kaa wa sokoni ana mgongo wa bibi harusi.
Nimepita kwa upole juu ya mishono ya hospitali.
Nimeona alama za vidole vya mwanamume
zikiwa za zambarau, mwezi uliofuata za manjano,
mwezi uliofuata mpya.
Kisha mwaka mzima sikumwona.
Aliporudi alikuwa amekata nywele, amenenepa,
mgongo mweupe kama karatasi.
Sikuuliza. Nilimsugua hadi vidole vya miguu
na tango la usoni sikumtoza.

Watu wa kwetu husema mtawa hajinyoi kichwa.
Mgongo wangu mimi, pale katikati,
upana wa kiganja,
mkono wa juu haufiki, wa chini haufiki,
na hakuna aliyefika
tangu Mal-ja wa kitanda cha pili ahamie kwa mwanawe Ulsan.
Kitanda chake siku hizi tunaanikia ndoo.

Jumanne moja, saa za uvivu, wateja hakuna,
akashuka mtoto, Da-on, miaka tisa, meno mawili pengo.
Bibi yake alikuwa juu, chumba cha udongo wa moto,
amelala, taulo kichwani limekunjwa pembe kama kondoo.
Mtoto akanitazama nikisafisha plastiki. Akauliza,
"Wewe nani anakusugua?"

Nilicheka. Kisha sikupata la kusema.
Kisha, sijui ni shetani gani, nikalala kifudifudi.

Kitambaa kilimmeza mkono hadi kiwikoni.
Akasugua kama anayefuta ubao wa darasa,
duara, duara, akiruka pembeni,
ulimi nje, nadhani, maana alihema kwa nguvu.
"Zinatoka!" akapiga ukelele. "Nyingi! Njooni mwone!"
Vikongwe wawili waliokuwa hodhi la baridi
wakaja kweli, wakichuruzika, wakainama,
wakashuhudia: lo, Pil-sun, wewe ni shamba.

Shavu langu lilikuwa kwenye plastiki.
Miaka kumi na tisa sikujua
kwamba ukiweka sikio hapo unasikia maji
yakiteremka kwenye bomba, mbali,
na kwamba ni pa vuguvugu, na panateleza,
na mtu anaweza kulia bila yeyote kujua
maana kila kitu tayari kimelowa.

Akapiga makofi mawili, kwa ukali wa mwalimu.
Nikageuka.

Malipo alidai mayai mawili ya kuoka.
Nilimpa moja. Akalipasua kwa paji la uso wake mwenyewe,
akanipa ute, akabaki na kiini.
Kazi haikuwa nzuri sana, nisiwadanganye:
hadi leo panawasha kidogo,
upande wa kushoto.