Kwa Atakayekikalia Kiti Hiki

Kiti kina mguu mmoja mfupi.
Usikilalamikie. Kunja gazeti la juzi mara nne,
lisukumie chini yake, kitatulia,
na utakuwa umemaliza kazi yako ya kwanza
katika Ofisi ya Uhusiano, ghorofa ya pili,
dirishani ziwa linang'aa kama bati jipya.

Wiki mbili za mwanzo hutakuwa na jina.
Utaitwa Fildi. Fildi, toa kopi.
Fildi, chai ya mkurugenzi haina sukari.
Itika. Lakini kopi unazotoa, zisome:
habari za mabomba ya Igogo nilizijulia mashineni,
karatasi ikiwa bado ya moto.

Wenzangu wa chuo walipiga picha na tai zao
wakangoja kupewa kazi kubwa.
Yangu ilikuja Jumanne, imelowa:
bomba limepasuka kule chini,
na kilima kizima, nyumba zimeyang'ang'ania mawe,
watu wanaamka wanaliona ziwa lote
na ndoo ni kavu.

Bi Nyanzobe akasema, andika tangazo.
Nikaandika kama tulivyofundishwa:
Wateja wetu wapendwa, kutokana na changamoto
zilizo nje ya uwezo wetu.
Akaikata changamoto kwa wino mwekundu.
"Changamoto haivuji. Andika bomba."
Akakata nje ya uwezo wetu.
"Lilichakaa tukilitazama."
Mstari wa mwisho akauacha, ule wa kuomba radhi
kwa usumbufu wowote utakaojitokeza.
Wote tulishauzoea,
kama watu wa Kirumba na harufu ya dagaa.

Nikapanda nalo mwenyewe, kopo la gundi mkononi.
Hakuna aliyenituma.
Hapo ndipo nataka upashike.

Kwenye ngazi za mawe Mama Ng'walu alilisoma kwa sauti,
kidole kikifuata herufi hadi chini.
"Utakaojitokeza?"
Akaniinamishia ndoo nione ndani. Buibui ameshajenga.
"Umeshajitokeza, mwanangu. Una siku tisa.
Umeshazaa na wajukuu."

Somo la kujibu malalamiko nilipata A.
Sikuwa na jibu.
Nikauliza wanachota wapi, ndoo shilingi ngapi,
wazee nani anawabebea.
Nikaandika nyuma ya tangazo lililobaki,
maana daftari nilikuwa nimeliacha mezani.
(Wewe usiliache.)

Bi Nyanzobe alinisikiliza akimenya chungwa,
kisha akanawa, akapiga simu karakana.
Boza moja, kilima kizima. Usinisifu.
Tangazo la pili lilikuwa fupi:
Bomba limepasuka. Kosa ni letu.
Maji yatarudi Jumamosi jioni.
Boza litasimama penye mashine ya kusaga, saa mbili asubuhi.
Msipoliona, pigeni namba hii.

Namba ilikuwa yangu.

Jumamosi jioni maji hayakurudi.
Simu arobaini na moja. Nilizipokea zote,
nyingine nimekaa gizani kwa shangazi, Nyegezi,
wali unapoa,
na kila mmoja nilimwambia: bado.
Sikujua neno dogo hivyo lina uzito wa mfuko wa saruji.
Wengine walinitukana. Mzee mmoja akashukuru,
akasema ni mara ya kwanza kupokelewa simu.
Maji yakatoka Jumapili, saa tisa alfajiri, na matope.

Fomu ya tathmini ina mistari mitatu
mbele ya maneno Ulichojifunza.
Nilijaza nusu ya mmoja.

Mama Ng'walu hunipigia mpaka leo.
Siku hizi haulizi maji.
Anauliza, kazi umepata?
Namwambia: bado.
Anacheka, anasema angalau unapokea.

Gundi iko droo ya chini.
Kifuniko hukwama; kishike kwanza kiganjani
mpaka kipate joto.