Fagio za Mchawi

Bustani ya baba ni hatua sita kwa nne,
nimeipima tena leo, nimevaa viatu vyake vya mpira,
na ndani yake mna msitu.
Misonobari kumi na tisa, miberoshi saba,
mtarakwa mmoja utambaao kama mtu aliyedondosha sindano.
Mrefu kuliko yote unanifika kiunoni.

Kila mmoja asili yake ni kasoro.
Juu kabisa ya mti mzima wa porini
tawi moja hupotewa na hesabu,
likachipua vijiti mia pale palipotakiwa kimoja,
likajisokota kama nywele zisizochanwa.
Wazee wa hapa Šumava waliuita ufagio wa mchawi,
wakapita chini yake wakitazama buti zao.

Baba alitazama juu.
Alisimamisha gari katikati ya barabara ya Sušice,
mama akashika dashibodi: "Zbyněk, si tena!"
Naye keshatoka, shingo nyuma, mdomo wazi,
lori linapiga honi, hasikii.

Alirudi Januari na kamba na msumeno,
akashuka na kijiti cha urefu wa njiti ya kiberiti
kilichoviringishwa kwenye gazeti bichi.
Mezani jikoni, kati ya chumvi na redio,
akachanja mche, akachanja kijiti,
akalaza jeraha juu ya jeraha, akafunga utepe.
"Umefungisha ndoa ngapi leo kwenye meza yangu?"
mama aliuliza, sahani mkononi.
Kumi. Saba zilivunjika kabla ya Pasaka.

Zilizodumu alizipa majina,
akayakwaruza kwa msumari kwenye vipande vya kopo la bia:
Kituo cha Pili.
Mama Kanuna.
Usimwambie Bwana Misitu.
Na kando ya mfereji, mwaka niliozaliwa: Radana.

Sentimita mbili kwa mwaka, mvua ikikubali.
Mimi nilikwenda nane, viatu vyangu vikamfilisi.
Ukubwa jalala, alisema akinitazama mlangoni
siku niliyobeba sanduku kwenda Rotterdam,
kisha akainama kung'oa magugu
ambayo, naapa, hayakuwapo.

Mwezi Mei, yeye akiwa chini ya udongo mwingine,
Radana umekumbuka.
Utosini limetoka chipukizi moja,
limenyooka, jepesi, la kijani cha maji,
sentimita arobaini kwa majuma sita,
miaka ishirini ya baba kwa mwezi na nusu.
Linaelekea kule ulikotoka mti ule wa kwanza.

"Kata," anasema Vondruška juu ya ua,
"kata mapema, na chini kabisa.
Ukiliacha litakula mti mzima,
utabaki na mberoshi kama mingine yote,
utakutoboa paa."

Najua. Baba angekata kabla ya kifungua kinywa.
Nimesimama na mkasi tangu treni ya saa nne;
sasa inapita ya saa sita,
changarawe inatetemeka kidogo, na msitu wote haujali.

Nimekata.
Si chini kabisa. Nimebakiza jicho moja,
dogo, la kahawia, limefumba.
Kilichokatwa kiko kwenye glasi, kati ya chumvi na redio,
na utomvu wake, nimeosha mara tatu,
haujanitoka vidoleni.