Mita Ishirini na Saba

Chumba nilichokabidhiwa funguo zake mwezi wa Novemba
kina mita za mraba ishirini na saba, ukihesabu na bafu.
Ukipika kabichi, mto wa kulalia unanuka kabichi.
Ukifungua jokofu, mlango wa nje haufunguki.
Ghorofa ya nne, mjini Łódź, mji uliowahi kuvisha nchi nzima,
ambao viwanda vyake sasa ni nyumba za wenye mishahara minono.
Mimi si mmoja wao.

Nilijiapiza: hapa haitaingia takataka mpya.
Dukani walinionyesha meza ya mianzi.
"Rafiki wa mazingira," kilisema kijikaratasi.
Nikakigeuza: imevuka bahari mbili
kuja kuwa rafiki yangu.
Kipya kinyemi. Nikaiacha palepale, iendelee kung'aa.

Basi nikaokota.
Pazia ni mashati saba ya mume niliyeachana naye
(aliyasahau; sikumkumbusha).
Mifuko ya kifuani bado ipo, mmoja una tiketi ya tramu.
Taa ni chujio la tambi lililopinduliwa,
usiku dari linaugua surua ya nuru.
Rangi ya ukuta nilikoroga mwenyewe, chokaa na jibini,
na wiki nzima nililala kama ndama zizini.

Halafu kabati.
Lilikuwa la mpangaji aliyenitangulia, Zenon fulani,
fundi wa mitambo ya kufuma, aliyefariki Agosti.
"Tupa," alisema mwenye nyumba. Asiyekuwepo na lake halipo.
Mwaloni mtupu, zito kama deni, limekula robo ya chumba.
Kulitupa uchungu, kuliacha uchungu,
nikaazima msumeno kwa Hubert wa ghorofa ya chini
kwa mtungi mmoja wa matango ya siki.
Mbavu zake zikawa kitanda.
Mlango nikaukata vipande viwili:
cha chini meza ya dirishani, cha juu rafu ya jikoni.
Unga wa mbao nikampa mtoto mwenye sungura.
Sikutupa hata msumari. Nilijiona mtakatifu.

Mistari ya penseli niliiona. Nasema kweli, niliiona.
Nikadhani ni vipimo vya seremala.
Sikuipiga msasa; ule ulikuwa uvivu, si hekima.

Februari, theluji imeshageuka tope, mlango ukabishwa.
Mwanamke wa miaka hamsini na kitu,
glavu moja mkononi, ya pili mfukoni.
Sławka. Amefuata barua za baba yake.
Nikamkaribisha chai mezani, maana hakuna pengine.
Akaweka kikombe.
Akakiondoa.
Akavua glavu iliyobaki,
kidole kikafuata mstari.
"Sabini na sita," akasoma. "Nilikuwa na tetekuwanga."
Akautafuta mwaka uliofuata.
Ubao uliishia hapo, ukingo umelainishwa vizuri.

Nilitamani sakafu inimeze, ila chini yake yupo Hubert.

"Nyingine iko wapi?"
Nikaonyesha juu ya sinki. Tukashusha sahani, zote nne.
Sabini na saba, sabini na nane, mwaka mmoja umerukwa,
na wa mwisho kabisa ulikuwa chini ya kopo la chumvi.
Nikangoja lawama.
Akaitazama meza, akaitazama rafu,
akazihesabu kwa miguu hatua zilizo katikati: tatu.
"Kumbe mwaka ule nilirefuka hivi," alisema.
Sauti yake haikuwa ya kicheko, wala ya kilio.

Nilimwambia avichukue vipande vyote viwili.
Akasema kwake kabati zote zimejengewa ukutani,
hana pa kuviweka.
Alichukua barua, na mtungi wa matango.

Sasa nikifuta meza, kitambaa huzunguka sabini na sita.
Watu huniuliza nitaongeza nini, kona ile bado iko wazi,
labda ua, labda kiti.
Nawaambia pamejaa:
mita ishirini na saba, mimi,
na msichana mwenye tetekuwanga.