Imezimwa kwa Amri

Saa saba usiku. Kadutu imelala ubavu
kama mgonjwa anayeogopa kuamsha kidonda,
nami nimechuchumaa chini ya ngazi za maabara,
kebo mdomoni, simu kwapani ikinimulikia,
nakiuliza kidhibiti: una milango mingapi?

Minne, kinajibu. Miwili ina jicho la kijani.

Balagizi, aliyenitangulia kazi hii,
aliacha maelezo ya mtu mwenye haraka.
Wa kwanza na wa pili ni pacha: makundi yote hupita humo,
kila moja na lebo yake shingoni.
Wa tatu: "Usiguse. Niulize mimi."
Nikuulize wapi, kaka? Namba yako inaitikia Kalemie,
na anayepokea ni mtoto anayesema, wewe nani?

Mlango ni tundu. Unachomeka waya, unasikia tek.
Kiolesura si kitu cha kushika. Ni jina
ulilolipa anwani, barakoa, lango la kutokea,
ukaliagiza: kaa hapa, pokea watu wa wodi hii tu.
Na kimoja wanakiita pepe,
anwani isiyo na nyumba popote duniani;
kila mgeni hupitishwa pale ajitaje,
hakuna anayelala pale.
Nilicheka nilipoisoma mara ya kwanza.
Shangazi yangu wa Nyamugo anayo ya namna hiyo
kwenye kadi yake ya kura:
avenyu iliyoondoka na mvua.

Kosa nililifanya saa saba na nusu.
Nilikivalisha kiolesura cha usimamizi lebo mpya
kabla ya kuiambia swichi.
Ni kubadili kitasa ukiwa nje, ufunguo ukiwa mezani.
Skrini ikaganda. Juu, wodi ya wazazi,
vituo vya mawimbi vikaanza kupepesa, kumtafuta mama yao,
na Muuguzi Cibalonza akateremka kwa kandambili,
rejista ya karatasi kifuani, mvua mabegani.
— Mwanangu, mashine inasema haina wa kuongea naye.
— Dakika tano, mama.
— Huyu anayekuja hajui dakika tano.
Akapanda tena.

Umebaki mlango wa nne, wa huduma.
Haubebi wagonjwa, haujui lebo,
mwaka mzima hukaa giza kama chumba cha mgeni.
Nikafuta vumbi kwa kidole, nikachomeka.
Tek.

Ndani, majina yote yalikuwa yamekaa mkao wake:
wazazi, maabara, ofisi, wageni.
Na watoto-bondeni.
Anwani ipo. Lango lipo. Mlango wa tatu.
Jengo halipo. Liliteremka Aprili pamoja na ukingo,
alfajiri, likiwa tupu isipokuwa vitanda,
na, wanasema, sentineli mmoja.
Ncha ya kebo niliiona juma lililopita,
ikining'inia juu ya udongo mwekundu,
mtu ameifunga kwa mfuko wa plastiki
kana kwamba italowa.

Kitabu cha kazi kinasema: kisichotumika kifutwe,
ni njia ya mwizi.
Nikarudisha lebo ya zamani. Vituo vikatulia, kimoja kimoja.
Kisha nikaandika amri ya kuzima, si ya kufuta,
na hali ikabadilika: imezimwa kwa amri ya msimamizi.
Kumbe msimamizi ndiye mimi.
Maneno ya Balagizi sikuyagusa.
Niliongeza moja tu, nyuma yake:
Nimeuliza.

Cibalonza alirudi na rejista, wino umechirizika.
— Aksanti. Sasa niingizie hii, macho yangu yamechoka.
Mtoto wa kike. Kilo mbili na gramu mia tisa.
Saa saba na dakika arobaini na moja.
Nikaandika. Mfumo ukasita, ukauliza:
saa hiyo hapakuwa na mtandao, una hakika?

Bonyeza, akasema mama, akikamua kanga yake mlangoni.
Bonyeza ndiyo.