Ripoti ya Makipa wa Kikosi cha Vijana

Katibu, fomu yako nimeipokea.
Inauliza urefu, uzito, mguu anaoupenda,
inataka jina moja kabla ya Ijumaa adhuhuri.
Naandika nikiwa nyuma ya goli la Kizota,
goli lisilo na nyavu, na upepo wa Julai
unanifunulia kurasa kabla sijazimaliza.

Wako watatu.

Chedego wa Bahi, mita moja na tisini bila viatu.
Anaushika mtambaapanya kama anayeanua nguo.
Krosi zote ni zake, anazichuma juu kwa juu,
washambuliaji wanabaki wakitazama soli zake.
Ila mpira wa chini, ule wa kutambaa,
unamchelewa, kama habari ya nyumba
inavyochelewa kumfikia mwenye nyumba.
Na akifungwa, anatafuta mtu.
Beki alikuwa wapi. Jua lilikuwa wapi.

Athumani Kijuu, wa Kolo, huko Kondoa.
Huyu paka. Nimempigia penalti kumi, kadaka sita,
ya saba kaigusa kwa ncha ya glavu iliyotoboka.
Bodaboda huegesha wamtazame.
Na hapo ndipo shida ilipo: huruka hata pasipo haja.
Mpira unaomjia kifuani huuhama kwanza,
ili apate pa kurukia.
Nilimwambia, kipa mzuri hachafuki.
Akacheka, meno meupe katikati ya vumbi lote lile.

Nhembo wa Hombolo. Mfupi.
Nimeandika mfupi, nikakata.
Nikaandika "hajamaliza kukua", nikakata tena.
Krosi mbili zilimpita juu kama ndege wasio na habari naye.
Lakini mikono yake imezoea kushika ndama
asiyetaka kufungwa; mpira ukiifika
hauruki, haumponyoki,
unanyamaza.

Jana kisulisuli kilikatiza uwanja.
Zamu ya Athumani golini. Sote tuligeuza migongo,
hata mimi, filimbi ikajaa mchanga mdomoni.
Kumbe mtu keshapiga. Vumbi lilipotulia
mpira ulikuwa umelala kwenye mbigili, nyuma ya goli.
Chedego alicheka. Athumani alilalamika, na alikuwa na haki.
Nhembo, aliyekuwa nje akiokota mipira,
akamwambia taratibu, kama anayemrudishia chenji:
"Ulihama hatua mbili kushoto. Upepo ulitoka kulia.
Ungebaki tu, ungekugonga."

Macho yake yalikuwa mekundu hadi jioni.
Peke yake hakugeuka.

Niandike wapi hilo, Katibu?
Chini ya uzito? Chini ya mguu?

Nilipokuwa na miaka kumi na saba
mtu mmoja aliniandika "akiba" kwenye daftari lake.
Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka, na mvua ilikuwa inakuja.
Neno lile nililivaa misimu tisa,
nikalivua Singida, siku niliyovunjika kidole cha pete,
dakika ya themanini, mechi yangu ya nne kuanza.

Zabibu za hapa tunavuna mara mbili kwa mwaka,
labda ndiyo maana mmezoea kudai mapema.
Kipa huiva na miaka ishirini na nane,
wakati nyie mmeshamsahau,
anauza vocha Nkuhungu na kudaka maembe
yanayorushwa na watoto wa jirani.

Jina moja, mmesema. Haya.
Msimu huu mchukueni Chedego. Mabeki wenu wana papara,
mtamhitaji hewani. Atawafaa hadi Machi,
baada ya hapo msije kuniuliza.
Athumani mkopesheni Mpwapwa:
uwanja wa kule una mawe, utamfundisha kusimama.

Na Nhembo,
naomba nauli yake ya Hombolo, kwenda na kurudi,
Jumanne na Alhamisi,
na glavu mpya, namba nane.
Anazovaa sasa ni zangu za zamani.
Kidole cha pete cha glavu kimepinda,
chake bado kimenyooka.