Ubao wa Kumi na Mbili

Zihalirwa alinunua mbao kumi na mbili za mkaratusi
zilizoshuka Kadutu usiku, chini ya magunia ya makala,
katika lori lililotoka Miti
(ni jina la mahali, usicheke:
Miti, ambako leo unaona mihogo mpaka macho yachoke).

Kumi na moja zililia mbele ya randa, zikapinda, zikatema utomvu.
Wa kumi na mbili ulinyamaza.
Rangi ya siagi. Bila harufu. Bila fundo hata moja.
Nikajaribu kuhesabu pete zake kwa ukucha;
nilifika tisini na kitu, nikapotea.

"Mpodo," alisema Zihalirwa, akavua kofia,
yeye asiyeivua hata akikemewa na padri.

Dada yangu Nsimire huotesha miche kule Tshivanga,
karibu na mianzi, ambako ukungu huingia hadi ndani ya sufuria.
Ndiye aliyeniambia: mti huu hauchanui maua.
Kuna dume, kuna jike,
na mshenga wao ni upepo, basi.
Jike likipata, hubeba mbegu juu ya kitako chekundu, kitamu,
shorobo akala, akaruka, akapanda msitu bila jembe.

Pale mgongoni mwa kilima alijua jike moja.
Miaka mitatu sasa anakwenda na kikapu,
anarudi na kikapu.
Dume la karibu lilibaki kisiki kiangazi kile,
na mengine, kama yapo, yako mbali kuliko upepo.

Ubao hausemi kama ulikuwa dume.
Niliuuliza lakini, mdomo karibu, kama mtu anayepuliza vumbi.

Kodi ya karakana ilikuwa imechelewa miezi miwili.
Tulitengeneza mlango.
Ulikuwa mlango mzuri kuliko yote niliyowahi kugusa,
na Zihalirwa hakudai bei yake, alipokea aliyopewa,
akageuka, akaanza kutafuta penseli iliyokuwa sikioni mwake.

Mwenye nyumba, Nguba, alinipigia simu mwezi wa saba:
usiku ukivuma kutoka Kahuzi, mlango unagonga.
Kaza bawaba, aliniambia.
Nilikwenda na bisibisi.

Bawaba zilikuwa zimekaza.
Nilikaa kidogo kizingitini. Nilichukua nauli yangu.
Nyumbani, ndani ya bahasha ya barua ya Nsimire,
nina maranda ya mti huo, mepesi, yamejikunja,
na sijui nayaweka ya nini.